Mguu wa Katana na Pikipiki ya Silinda Nane

Siku nilipokuja gereji kuwaaga mlinizunguka, mmoja wenu akatoa simu, mkanionyesha pikipiki ya ng'ambo iliyofungwa injini ya gari. Silinda nane, tairi la nyuma pana kama mto wa kochi, na mzungu mmoja juu yake anacheka. "Mzee Mbwana," mkaniambia, "katika umri wako wote hujapata kuona kitu kama hiki." Nilichukua kofia yangu nikaenda zangu, nanyi mkasema mzee amechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikasirika, na hadi leo ninapokaa kuandika haya hasira haijapoa.

Kitu kama hicho nimekiona. Nimekijenga kwa mikono hii, hapa hapa kisiwani, miaka ya tisini, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kwa kuwa mmeniomba mara nyingi niandike habari za kazi, basi nitaandika hii. Vyeo sitaviandika, maana gereji haina vyeo, ina wanaojua kazi na wanaojua kusema. Mishahara ndiyo kabisa, hiyo waulizeni wake zetu.

Nilianza kwa Bwana Faraji, Makupa, pale malori yanapobanana yakitoka bara. Kabla ya hapo nilikuwa kwetu Kibokoni nikichomelea madirisha na vitanda vya chuma, nami nilijiona fundi. Siku ya kwanza nikapewa tanki la lori lililopasuka. Nikalichomelea, mstari ukalala vizuri kama mshono wa cherahani, nikasimama kungoja sifa. Mtu mmoja akatoka chini ya pikapu akijifuta mikono kwa kitambaa, akainama akatazama, akaokota nyundo akagonga mara moja. Mstari wote ukabanduka.

"Umepaka," akasema. "Hujachomelea."

Huyo ndiye Katana, fundi wa breki. Alikuwa mtu wa Rabai, mfupi, mabega mapana, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na suruali ileile ya kahawia. Kazi alijifunza kwenye karakana za reli, na heshima ya reli alikuja nayo: asubuhi haanzi kazi mpaka amempa kila mtu sabalkheri yake, hata yule aliyegombana naye jana. Siku ile nilimchukia mpaka saa za chakula. Baada ya chakula alinifundisha namna ya kusubiri chuma kinywe moto kabla ya kukilisha waya wa kuchomelea, na sijabandukiwa na mstari tena.

Nataka mjue alivyofanya kazi, kwa sababu hamtaona mwingine. Katana alikuwa hapimi breki akiwa amevaa viatu. Aliingia kwenye gari, akavua kiatu cha kulia, akakanyaga pedali kwa unyayo mtupu, macho ameyafumba. "Kiatu ni kiziwi," alisema. Pedali ikirudi laini kama sponji, kuna hewa kwenye mabomba. Ikitetemeka, dramu imepinda. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, mipira ya pampu imekwisha, na dereva asidanganywe kwa kuongezewa mafuta ya breki tu. Haya yote aliyasoma kwa mguu, kisha ndipo alipoingia chini kuthibitisha, na sikumbuki alipokosea. Nanyi mnaotia mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki kwa kuwa chupa iko karibu, nawaona, mipira inavimba na mtu anakufa. Acheni.

Tena alikuwa na sheria yake, na gereji nzima tuliifuata. Gari likitoka kwenye breki hujaribiwa kabla ya kumrudia mwenyewe: kutoka Makupa hadi Buxton, kuteremka mpaka daraja la Nyali, kusimama pale kwa ghafla, na kurudi. Aliyefunga breki lazima awemo ndani. Anayeendesha anaweza kuwa yeyote, lakini aliyefunga yumo. Na Katana alisimama mlangoni akitazama namna unavyopanda. Ukichelewa, hata kwa kujifanya unatafuta kitambaa, alikwambia, "Rudi chini ukafungue upya, mwili wako umeshasema." Madereva wa malori walikuwa wakituletea magari kutoka mbali kwa sababu ya sheria hiyo.

Bwana Faraji yeye hakuwa na neno na breki. Alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, gereji yake na duka la spea ni lake, na spana sijamwona akiishika. Si kwamba alikuwa mtu mbaya wa kila siku. Futari alituletea, mtu akifiwa alikuja. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, kushindana. Palikuwa na mfanyabiashara wa kanga wa Biashara Street ambaye kijana wake alileta pikipiki kubwa kutoka Dubai, akaiongoza harusini kwao mbele ya tarumbeta. Wanawake wa upande ule wakaitungia nyimbo, na nyimbo zenyewe zilimtaja Bwana Faraji bila kumtaja, kwa namna tunavyojua kusemana hapa mjini. Basi hakulala.

Alikuja asubuhi moja, hata salamu hakumaliza. Nyuma ya gereji palikuwa na gari la Kiingereza lililopinduka njia ya Malindi, bodi imekunjamana lakini injini nzima, silinda nane.

"Hiyo injini naitaka juu ya pikipiki," akasema.

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanicheka? Wao wamenunua. Mimi yangu nitaitengeza hapa hapa, tuone nani atatungiwa nyimbo."

Katana akauliza jambo moja tu: "Itasimamishwa na nini, Bwana?"

"Wewe si ndiwe wa breki? Hilo lako."

Sitasema uongo, kazi ilinipendeza. Ukinipa leo chuma na moto nikajenga tena kitu kama kile, mikono itafurahi kabla ya akili. Fremu niliichomelea kwa mabomba ya chuma mazito, maana ya pikipiki ya kawaida ingekatika kama muwa. Uma wa mbele tuliutoa kwenye pikipiki kuukuu ya serikali iliyouzwa mnadani. Nguvu ya injini ilikuja kwa urefu, nasi tulitaka izunguke kwenda pembeni, kwa hiyo tukachukua difu ya gari dogo, tukakata mkono mmoja, na ule uliobaki tukaufunga cheni hadi tairi la nyuma, ambalo lilikuwa tairi la gari. Rejeta ya kupoza injini ikakaa mbele kama ngao. Ekzosi zikatoka pande zote mbili, na ukiketi juu yake bila suruali nzito unaiva mapaja. Kuisukuma tu ilitaka wanaume wanne, na kuigeuza ndani ya gereji ilitaka dua.

Siku tuliyoiwasha mara ya kwanza, mafundi wa gereji za jirani walikuja mbio wakidhani kuna lori limelipuka. Nikavuta mafuta ikiwa imesimama, na pikipiki yote ikalalia kulia, kwa nguvu, kama ng'ombe anayekusukuma zizini. Nikaachia, ikarudi. Nikavuta, ikalala tena kulia. Ile injini ilipozunguka ilitaka kupindua kila kilichoibeba. Katana alikuwa amesimama upande ule. Akaweka kiganja kwenye tanki, akaniambia nivute tena, akaisikiliza.

"Hii haitaki mtu," akasema. "Yataka kwenda peke yake."

Breki ya mbele ilikuwa ile iliyokuja na uma, ya kusimamisha pikipiki ya mtu na mkewe. Ya nyuma Katana aliitengeneza mwenyewe: diski ya pikapu, na kishikio chake nilichokata mimi kwa bamba nene. Kishikio tulikishikiza kwa vidoti vya moto tu, kukiweka mahali pake, kwa sababu Katana alitaka kwanza apime kama diski inazunguka sawa, kisha nikichomelee kote, kisha atoe hewa kwenye bomba, kisha sheria yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya Jumamosi. Ijumaa, baada ya sala, Bwana Faraji akaingia na nduguze na watu wa tarumbeta. Mpwa wake alikuwa anaoa, na bwana harusi alikuwa apelekwe kwa bibi harusi Mji wa Kale alasiri ile ile, na pikipiki itangulie, Bwana Faraji mwenyewe akiiendesha.

"Bado, Bwana," Katana akamwambia. "Breki ya nyuma imeshikizwa tu. Nipe hadi kesho."

"Harusi ni leo."

"Basi itangulie gari nyingine."

Watu wa tarumbeta walikuwa wamesimama pale, nduguze wanatazama, na yeye amevaa joho la harusi. Bwana Faraji akatabasamu. Tabasamu lile naliona hata sasa nikifumba macho, na kila nikiliona nataka kulipiga kofi.

"Breki hizi nani aliyezifunga, Katana?"

"Mimi."

"Na sheria ya gereji yangu yasema n'ni? Aliyefunga breki yuwapanda. Ama ile sheria ni ya magari ya watu tu? Kama wewe mwenyewe waziogopa breki zako, sema hapa, watu wasikie."

Nduguze wakacheka. Mimi nikapaaza sauti kwamba kishikio sijakichomelea, kwamba hakuna breki pale, pana sura ya breki. Mmoja wao akanishika bega akanisogeza kando, kwa adabu, kama unavyomsogeza mtu aliyesimama mbele ya kamera. Mnaona alichokifanya? Ile sheria Katana aliiweka ili pasiwe na fundi wa kumdanganya mwenye gari. Mwenye gari akaigeuza akamfunga nayo fundi.

Katana hakujibizana naye. Alikuja kwangu kuchukua kitambaa chake, akaninong'oneza, "Akienda peke yake ataua watu. Nikiwa nyuma nitamwambia aende polepole." Akavua kiatu cha kulia akakiacha kwenye meza ya kazi. Akapanda, wala hakuchelewa.

Tukatoka. Mimi nilitembea kando na mfuko wa spana, maana sikuwa na namna nyingine ya kuwa karibu na Katana. Kutoka Buxton mpaka Biashara Street mambo yalikwenda. Watu walitoka madukani, wauza kanga wakasimama kwenye milango yao, na Bwana Faraji alipofika mbele ya duka la yule hasimu wake alisimama akavuta mafuta mpaka vioo vikatetemeka. Nilimwona Katana akimwinamia sikioni kila mara. Nilimwona pia Bwana Faraji akitikisa bega, kama mtu anayefukuza nzi.

Tukaingia Mji wa Kale. Njia ni nyembamba, nyumba zimekaribiana, na kule mwisho inateremka kuelekea baharini. Chini ya mteremko wanawake walikuwa wamejaa njiani wakiwangoja na vigelegele, na wazee wameketi kwenye baraza. Bwana Faraji akaona watu, akavuta mafuta. Pikipiki ikaruka. Nikamsikia Katana akipiga ukelele, "Breki! Breki, Bwana!" na Bwana Faraji akakanyaga. Kishikio kikang'oka. Nilikisikia kikianguka kwenye mawe ya njia, sauti ya bamba langu mwenyewe niliijua. Ile breki ya mbele ikalia, haikuzuia kitu.

Basi Bwana Faraji akaruka. Sikusikia kwa watu, niliona. Aliachia mikono akajitupa kushoto na joho lake, akabingirika mlangoni kwa watu, akaumia kiwiko. Katana alikuwa nyuma, hana usukani, hana pedali. Akajinyoosha juu ya kiti kitupu akaushika usukani, na mbele yake ni wale wanawake. Alijua pikipiki ile inapenda kulala upande gani. Akavuta mafuta kwa makusudi, akailaza kulia, ukutani, na mguu wake ukiwa baina ya injini na ukuta wa mawe.

Hakufa mtu, wala mwanamke mmoja hakukwaruzwa. Nilipomfikia, ekzosi ilikuwa bado inaunguza alipokuwa amebanwa, nasi tulikuwa tukivuta chuma kwa mikono mitupu. Bwana Faraji akaja nyuma yetu ameshika kiwiko. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Zimeni, jamani, zimeni, injini itakufa!"

Mguu waliukata juu ya goti. Ule wa kulia.

Sasa niwaambie kilichonikasirisha kuliko ajali. Siku tulipokwenda kumtazama hospitali, Bwana Faraji alikuja na zabibu na maji ya matunda, akaketi kitandani, akampapasa Katana mkono. "Shukuru Mungu," akamwambia, "ni mguu tu. Wewe ni fundi, kazi yako ni mikono, na mikono Mungu amekuachia yote miwili." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayefariji. Miaka yote ile alikuwa akipita mbele ya Katana ameketi ndani ya magari na unyayo mtupu, na hakuwahi kuuliza mtu yule anafanya nini.

"Ahsante kwa zabibu," Katana akasema.

Mitaani nako ikawa kudra. Kila baraza ukiketi, kudra ya Mungu, imeandikwa, tusiseme sana. Mimi ni Mwislamu, kudra naiamini. Lakini kidoti cha moto nilikiweka mimi, mahali ambapo Katana alisema kisitumike, na mtu mmoja mwenye jina na duka aliamuru kitumike. Mumwache Mungu kidogo, mkamuulize huyo.

Katana alirudi gereji alipopona, na gongo lake. Alitupa wote sabalkheri. Tulikuwa na gari dogo limetoka kwenye breki, akaomba aingie. Akaketi, akavua kiatu cha kushoto, kilichobaki, akakanyaga, akafumba macho. Mtu mmoja akaizima redio. Akakanyaga tena. Akajaribu kusogea kitini, labda ni mkao. Mwisho akafumbua macho.

"Huu haujui kitu," akasema. "Huu ulikuwa wa klachi."

Nikamwambia mguu utajifunza. Akaniambia, "Kwa gari la nani, Mbwana? Nijifunze kwa gari la nani?" Akavaa kiatu, akaaga mmoja mmoja, akaenda zake Rabai kwenye minazi ya baba yake. Bwana Faraji siku ile alikuwepo ofisini, na mlango ulikuwa wazi.

Pikipiki ilikuwa imesimama nyuma chini ya turubai. Siku za Idi zilipokaribia, Bwana Faraji akaja akaifunua. Injini ilikuwa nzima, ilikwaruzika tu.

"Mbwana, nitengezee breki," akasema. "Lakini mara hii uzifunge sawasawa."

Mara hii! Kama kwamba mara ile tulikosea sisi. Wenzangu walidhani nitamtupia spana, na moyo ulitaka. Lakini nikamwambia, "Haya, Bwana." Nikafanya kazi kama sijapata kufanya. Kishikio nilikichomelea kote, ndani na nje, nikakigonga kwa nyundo mpaka mkono ukachoka. Mbele nikaweka diski mbili. Hewa niliitoa, nikaitoa tena. Kisha nikavua kiatu, nami, nikakanyaga kwa unyayo mpaka nikaridhika kwamba Katana angeridhika. Kazi ile ilikuwa safi. Hasira haikunipotoa hata kidogo, na hilo nataka mlijue kuliko mengine.

Asubuhi nikaitoa uani. Nikawaita mafundi wote, nikamwita na Bwana Faraji. Nikaiwasha. Nikapanda, nikaketi nyuma, mahali pa Katana.

"Breki nimefunga mimi," nikasema, "na sheria ya gereji yako ni kwamba mimi nipande. Nimepanda. Wewe panda mbele uendeshe. Buxton, daraja la Nyali, na kurudi."

Akacheka kidogo. Akaushika usukani, akaachia. Akasema kofia itaruka, akaivua, akatafuta pa kuiweka, akaivaa tena. Injini ilikuwa ikivuma chini yangu na mafundi wote walikuwa wakimtazama, maana sote tulifundishwa na mtu mmoja kumtazama mtu anavyopanda.

"Breki si nzuri?" nikamuuliza.

"Nzuri. Nakuamini."

"Basi panda."

Akarudi nyuma hatua. Akasogea karibu nami ili wengine wasisikie, lakini injini ile haikuruhusu mtu kunong'ona, ikambidi apige kelele, na gereji nzima ikasikia.

"Mbwana, mwenzio nina watoto!"

Nikaizima injini.

"Na Katana ana wangapi?" nikamuuliza.

Katana alikuwa amemfanyia kazi tangu kabla mimi sijafika. Bwana Faraji akanitazama mimi, akawatazama mafundi mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumsaidia jibu. Hakuna aliyemsaidia, naye hakujua.